Mshipa wa Bibi na Daftari Langu la Baiolojia

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme neno juu ya jambo ambalo wengi wetu tumelifanya kwa mikono yetu wenyewe, wala hatukulitia maanani. Jambo lenyewe ni kuhesabu mapigo ya moyo. Kila mwanafunzi aliyepita Kidato cha Pili amekwisha kushika mshipa wa mwenziwe huku mwingine akitazama saa. Hesabu ikapatikana, ikaandikwa katika daftari, mwalimu akatia alama, basi. Mimi nasema kwamba zoezi hilo twalifanya nusu, na ile nusu tunayoiacha ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Kabla sijaeleza kwa nini nasema hivyo, sina budi kwanza kukiri kosa langu.

Kwetu ni Tura. Wasomaji wanaosafiri kwa Reli ya Kati walijua jina hilo, kwa kuwa atokaye Dodoma hupita hapo kabla ya kufika Tabora. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, Tura ilikuwa kituo cha misafara. Wapagazi waliotoka pwani walivuka kwanza pori la Mgunda Mkali, lenye shida ya maji, na walipofika Tura walijua kwamba sasa wamekwisha kuingia Unyamwezi. Mwingereza Richard Burton, aliyepita hapo pamoja na Speke mwaka 1857, aliandika kwamba maana ya jina hilo ni kumwambia mtu atue mzigo wake. Nalitaja jambo hili kwa sababu nitarudi kwa wapagazi na mizigo yao hapa chini.

Likizo moja nilipokuwa Kidato cha Pili nalikwenda nyumbani na kazi ya Baiolojia. Tulitakiwa kupima mapigo ya watu watano wa umri mbalimbali, kila mtu mara tatu, kisha tutafute wastani. Nilimpima mdogo wangu, mama, mjomba na jirani mmoja, na mwisho nikamwendea bibi. Bibi alikuwa ameketi juu ya kigoda akichagua mawe katika mchele. Akanipa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akaendelea na kazi yake. "Haya, mume wangu, nitibu," akasema.

Mara ya kwanza nilipata 88. Mara ya pili 112. Mara ya tatu 97. Tena si hesabu tu iliyokataa kutulia, hata mapigo yenyewe hayakufuatana. Yalikuja mawili ya haraka, kisha kimya, kisha moja zito, kisha manne madogo madogo kama panya apitaye darini. Nilijaribu kugonga mguu chini niufuate mwendo wake, nikashindwa. Nikamwambia bibi kwamba mshipa wake hauna adabu. Akacheka, akajibu, "Siku nyingine moyo wangu wapiga ngoma isiyo na mwimbaji. Hupita wenyewe." Na kweli ulipita. Kesho yake asubuhi nilimshika tena, mapigo yakaenda sawasawa kama saa ya ukutani, 76.

Sasa sikieni nilivyofanya. Niliona kwamba 88, 112 na 97 zitanitia aibu, mwalimu atasema mtoto huyu hajui kuhesabu. Nikazifuta kwa raba. Mahali pake nikaandika 76, 77 na 76, wastani 76. Nikapata alama tisa katika kumi.

Miezi mitano baadaye mjomba alimpigia simu mwalimu wa zamu. Bibi ameamka na upande wa kulia hauna nguvu, na maneno hayatoki. Alipofikishwa hospitali na kupimwa umeme wa moyo, daktari alimweleza mjomba kwamba vyumba vya juu vya moyo wake havipigi tena, vinatetemeka tu, na kwamba yamkini bonge la damu lilitoka humo likapanda mpaka kwenye ubongo. Bibi yu hai hata leo. Hutembea kwa fimbo, na jina langu hulisema nusu. Sisemi kwamba nisingalizifuta zile tarakimu angalisalimika. Hilo hakuna ajuaye. Nasema kwamba habari ilifika mikononi mwangu, kwa maana halisi ya mikononi, nami nikaifuta kwa sababu haikufanana na kitabu.

Ugonjwa huo madaktari huuita fibrilesheni ya atria. Sisi tuliosoma mzunguko wa damu twajua kwamba moyo una vyumba vinne, viwili vya juu na viwili vya chini, na kwamba umeme mdogo huanzia juu ukashuka chini kwa utaratibu. Katika maradhi haya umeme wa vyumba vya juu huvurugika, navyo hutetemeka zaidi ya mara 300 kwa dakika badala ya kusukuma. Vyumba vya chini hupokea amri hizo zilizochanganyika, vikaitika baadhi tu, bila mpango. Ndiyo sababu mshipa wa mkono huenda ovyo. Na damu isiyosukumwa vyema hutuama katika pembe ya chumba cha juu cha kushoto, ikaganda kama maziwa. Utafiti wa mji wa Framingham, Marekani, ulionyesha kwamba mwenye maradhi haya huwa katika hatari ya kiharusi yapata mara tano kuliko asiye nayo.

Jambo linalosumbua ni kwamba mwanzoni maradhi haya huja na kuondoka, kama yalivyofanya kwa bibi. Leo yapo, kesho hayapo. Mgonjwa akifika hospitali siku ambayo moyo umetulia, mashine huonyesha moyo mzima, naye hurudi nyumbani akiwa na furaha. Kipimo cha kawaida cha umeme wa moyo huchukua sekunde kumi tu. Katika siku nzima zimo sekunde 86,400. Msomaji na apige hesabu mwenyewe aone ni sehemu gani ya maisha ya moyo iliyoandikwa pale.

Basi wataalamu wakatafuta njia ya kuufuata moyo siku nzima, hata miezi. Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa kisiwani Java, ndiye aliyebuni mashine bora ya kuandika umeme wa moyo mwanzoni mwa karne ya ishirini, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mashine yake haikuweza kubebwa. Baadaye Mmarekani mmoja, Norman Holter wa Montana, alitengeneza chombo cha kumfuata mtu anayetembea, nacho cha kwanza kilibebwa mgongoni na kilikuwa na uzito wa kilo 38 hivi. Mpagazi wa Tura angalikataa mzigo huo, maana mzigo wa msafara ulikuwa kilo thelathini na kidogo. Siku hizi chombo cha aina hiyo hubandikwa kifuani, na kiko kingine kidogo kama betri ya tochi ambacho huwekwa chini ya ngozi kikauandika mwendo wa moyo miaka mitatu.

Hapa ndipo pana hoja ambayo nimekuwa nikishindana juu yake na rafiki zangu bwenini tangu muhula uliopita. Wao husema kwamba dawa ya mambo haya ni vyombo: kila mzee avikwe saa ya kisasa ipimayo moyo, na kiharusi kitakwisha. Mimi nasema mambo si mepesi hivyo, na vitabu vya madaktari wenyewe vyaniunga mkono, ingawa si kwa kila neno.

Tuanze na lile linalowasaidia rafiki zangu. Mwaka 2012 ulitangazwa utafiti uitwao ASSERT, wa watu 2,580 wenye vyombo vya kuendesha moyo mwilini mwao. Ilionekana kwamba wale ambao chombo kiligundua mtetemeko wa zaidi ya dakika sita, hata kama wenyewe hawakusikia kitu, walikuwa katika hatari ya kiharusi mara mbili na nusu. Baadaye, mwaka 2017, hesabu hizo ziliangaliwa upya, ikaonekana kwamba hatari ile ilikuwa hasa kwa wale ambao mtetemeko wao uliendelea zaidi ya saa 24. Kwa hiyo kufuata mwendo wa moyo kwaweza kutuambia nani aogopewe zaidi. Kuna na utafiti wa Ulaya wa mwaka 2020, EAST-AFNET 4, wa watu 2,789 ambao ugonjwa wao ulikuwa haujatimiza mwaka tangu ujulikane. Nusu yao walitibiwa mapema ili moyo urudi katika mwendo wake, na hao walipewa kifaa kidogo cha kutuma kipimo cha moyo mara mbili kwa juma. Walioaga dunia kwa moyo, au kupata kiharusi, au kulazwa kwa sababu ya moyo, walikuwa 3.9 kwa kila watu 100 kwa mwaka, na katika nusu nyingine 5.0. Tofauti hiyo yaonekana ndogo katika karatasi, lakini atakayekuwa miongoni mwa hao waliookoka hataiita ndogo.

Sasa lile la upande wangu. Nchini Denmark walichukuliwa wazee 6,004, na robo yao wakawekewa kile chombo cha chini ya ngozi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Chombo kiligundua mtetemeko kwa karibu wazee 32 katika kila mia, na katika wale wengine waliofuatwa kwa njia ya kawaida ni 12 tu. Walioonekana wagonjwa walipewa dawa ya kuzuia damu isigande. Je, viharusi vilipungua? Vilipungua kidogo, lakini si kiasi cha kuthibitisha kwamba haikuwa bahati tu. Maana yake ni kwamba kuona sana si kuokoa sana. Chombo kikikaa miaka mitatu huona hata vitu vidogo ambavyo pengine visingalimdhuru mtu kamwe. Rafiki yangu mmoja hunijibu kwamba Denmark si Tura. Hapo amesema kweli kuliko anavyodhani.

Maana hizi hesabu zote nilizozitaja ni za watu wa Ulaya na Amerika, wengi wao wazee ambao moyo umechoka kwa umri na shinikizo la damu. Kwetu habari ni mbili. Wilayani Hai, Kilimanjaro, walipimwa wazee 2,232 wenye miaka 70 na zaidi, na matokeo yakatangazwa mwaka 2012. Waliokutwa na maradhi haya walikuwa 15 tu, yaani hata mmoja katika mia hakutimia. Wengine wamefurahi wakisema Mwafrika ana bahati. Yawezekana. Lakini kila mzee alipimwa mara moja kwa muda mfupi, na bibi yangu angalipimwa ile asubuhi ya 76 angaliandikwa mzima.

Habari ya pili ni ya vijana, na hapa naomba wenzangu wasigeuze ukurasa. Mtoto anayeugua koo mara kwa mara kwa wadudu wa aina fulani, asipewe dawa, aweza kupata homa inayoharibu vali za moyo. Miaka hupita, vali hukakamaa, chumba cha juu cha kushoto hutanuka kwa kubeba damu isiyopita, mwishowe huanza kutetemeka. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 3,343 wa maradhi hayo katika nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen. Kenya na Uganda zilikuwamo. Nusu yao walikuwa na umri usiozidi miaka 28, na mmoja katika watano hivi alikuwa na mtetemeko huu. Ule utafiti wa Framingham ulisema kwamba mtetemeko ukikutana na vali iliyoharibika namna hiyo, hatari ya kiharusi hupanda yapata mara 17. Tazameni basi: ugonjwa ambao Ulaya ni wa babu, kwetu waweza kumpata mama mwenye mtoto mgongoni.

Hata dawa hazifanyi kazi namna moja. Mwaka 2022 utafiti wa watu 4,531 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini ulilinganisha dawa mpya, rivaroksabani, na zile za zamani za jamii ya wafarini, kwa wagonjwa wenye vali zilizoharibika. Wengi walitazamia mpya ishinde au zitoke sare, kama ilivyokuwa kwa wagonjwa wa aina nyingine. Zikashinda za zamani, na waliokufa walikuwa wachache zaidi. Lakini wafarini (ambayo, msomaji atashangaa, iliuzwa kwanza kama sumu ya panya) yataka damu ipimwe mara kwa mara. Ikizidi, mtu huvuja damu, ikipungua, damu huganda. Katika wale wagonjwa wa 2015 walioitumia, hata theluthi moja hawakuwa katika kipimo kinachofaa. Sasa mtu akae Tura, kipimo kiwe Tabora mjini, na treni haipiti kila saa. Saa ya mkononi itamwambia kwamba moyo wake umevurugika. Je, itampa nauli?

Kwa hiyo mimi ningependa fedha, zikipatikana, zianze kwenye kipimo cha damu na mashine ya umeme wa moyo karibu na vijiji vilivyo mbali na mji, kisha ndipo tuzungumze habari za saa. Sikatai vyombo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 2015, inavyo, na wataalamu wake huja mikoani kwa utaratibu wa Tiba Mkoba kuwapima watu. Nasema tu kwamba atakayetumwa kwao lazima kwanza mtu amtambue, na mtu huyo wa kwanza aghalabu atakuwa wa nyumbani.

Na hapo ndipo narudi kwenye daftari letu. Zoezi letu huuliza mara ngapi kwa dakika. Halisemi neno juu ya mwendo. Tena latulazimisha kutafuta wastani, na wastani ndio hasa unaoficha jambo. Wastani wa 88, 112 na 97 ni 99, na kitabu kitasema 99 ni ndani ya kawaida, kwa kuwa kawaida ya mtu mzima ni 60 mpaka 100. Hata nisingalifuta, daftari lingalisema bibi ni mzima! Ningeomba walimu wetu waongeze safu moja tu katika jedwali: mapigo yalifuatana sawasawa, au hayakufuatana? Tena yahesabiwe dakika nzima, si sekunde 15 mara nne kama tulivyozoea tukiwa na haraka ya kwenda kula. Na wakati wa likizo tuwashike wazee wetu si siku moja bali siku nyingi, asubuhi na jioni, tuandike kila tulichokiona. Hicho nacho ni kipimo cha kufuata moyo, ingawa cha maskini.

Mwalimu mmoja niliyemweleza jambo hili alinipinga kwa maneno mazuri ambayo si haki niyafiche. Alisema tutawatisha wazee bure, maana kijana si mganga. Alisema pia kwamba mapigo yasiyofuatana si lazima yawe ugonjwa huu. Ni kweli. Wengi wetu hapa shuleni, tukivuta pumzi mapigo huenda haraka kidogo, tukizitoa hupungua, na hiyo ni afya ya ujana. Wengine hupata pigo moja la ziada kisha mwendo huendelea kama kawaida. Vidole haviwezi kuamua. Mashine ndiyo iamuayo. Lakini mimi sikuomba tuamue. Naomba tuandike tulichosikia, tumwambie mzazi, mzazi ampeleke mzee akiwa na karatasi mkononi yenye tarehe na saa, ili daktari akikuta moyo umetulia siku ile asiseme haraka kwamba hakuna kitu. Na kuhusu kutisha, bibi hakutishwa na mshipa wake. Alikuwa akijua siku nyingi kwamba unapiga ngoma. Hakuwapo mtu wa kumwambia kwamba ngoma ile yafaa isikilizwe na wengine.

Kwa wazazi nina ombi moja fupi zaidi. Mtoto akiumwa koo na homa, msimpe maji ya chumvi tu mkangoja. Mpelekeni zahanati. Vali za moyo wa miaka thelathini huharibiwa katika miaka kumi.

Likizo iliyopita nilimpima bibi asubuhi na jioni kwa siku kumi na mbili. Hutumia dawa sasa, na mjomba ndiye anayesafiri naye kwenda kupimwa damu. Mapigo yake hayafuatani siku hata moja, nami nimeyaandika hivyo hivyo yalivyo. Daftari la Kidato cha Pili ninalo bado. Mwalimu wangu wa Baiolojia akipenda kuzipunguza zile alama tisa, ukurasa ni wa 41, na alama za raba zingali zinaonekana.